Kabla hujashusha injini, pima tena silinda ya nne

"Shikamoo fundi. Nina Subaru Forester ya 2004, ile ya turbo, injini EJ20, otomatiki. Niko Tabora mjini, na gari hili ndilo linanipeleka Sikonge na vijiji vya ndani kufuata asali. Tangu mwezi wa sita linakula oili, lita moja haimalizi kilomita 500. Asubuhi likiwaka linatoa moshi wa bluu, na nikikanyaga mafuta kwenye kilima huko nyuma hapaonekani. Nguvu nazo zimepungua. Fundi wa kwanza alifungua bomba la turbo akakuta oili, akasema turbo imekufa. Wa pili akapima kompresheni, akapata 134, 130, 132 na 88. Akanionyesha kwenye simu kwamba inatakiwa psi 142 hadi 171, kwa hiyo zote nne zimechoka, ninunue injini ya Japani. Mdogo wangu amefanya kazi gereji miaka mitatu na tunaweza kuazima chenibloki. Tunataka kuishusha na kupandisha nyingine hapa nyumbani, chini ya mwembe. Tuanze na turbo, au tuagize injini moja kwa moja? Na nyumbani inawezekana kweli?"

Marahaba, mwanangu. Kwanza asante kwa kuniletea namba. Maswali mengi ninayopata yanasema tu "gari linatoa moshi, nifanyeje", na kuyajibu ni kama kumtibu mtu kwa kusikia kikohozi chake kupitia ukutani. Wewe umeleta namba nne, na ndani yake mna jambo ambalo hata aliyezipima hakulisikia.

Nikikusoma vizuri, moshi wenyewe si ndio unaokunyima usingizi. Unachoogopa ni kutoa faida ya msimu mzima wa asali, ununue kitu, ukifunge, halafu moshi uendelee. Una haki ya kuogopa. Mafundi wako wote wawili wameona kitu cha kweli kwa macho yao, na wote wawili wakateleza walipofika kwenye hukumu.

Tuanze na huyu wa pili. Hizo 142 hadi 171 alizokuonyesha ni namba sahihi za injini hiyo, ila ni namba za hewa ya usawa wa bahari. Tabora haiko Dar es Salaam. Sisi tuko takriban mita 1,200 juu ya bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kama asilimia 13. Sasa kompresheni ni kitu gani? Pistoni inavuta hewa iliyopo mahali ilipo, inaikandamiza, na geji inasoma kilichopatikana. Ukiipa hewa pungufu itakurudishia namba pungufu, hata kama injini imetoka kiwandani jana. Toa asilimia 13 kwenye 142 unabaki na kama 124. Toa kwenye 171 unabaki na kama 149. Kwa kipimo cha hapa kwetu, 134, 130 na 132 ni silinda nzima kabisa, hazina ugonjwa. Jamaa yako wa Kigoma akipima injini ileile pale ziwani, kwenye mita 770 na ushei, geji yake itasoma juu kidogo kuliko yako, na hakuna kitakachokuwa kimebadilika zaidi ya hewa. Nimeona injini zaidi ya moja zikihukumiwa kifo hapa mjini kwa kosa hilo tu la kusoma kitabu bila kuuliza kitabu kinazungumzia wapi.

Ile 88 ndiyo habari yenyewe. Hiyo hata ukiipeleka Dar haitafika popote. Lakini hata hiyo, usiiamini mara ya kwanza.

Ninasema hivyo kwa sababu ya mahali ilipo. Kwenye Subaru pistoni zimelala, zinatazamana mbili kwa mbili. Ukiwa umekaa kwenye usukani, silinda ya kwanza na ya tatu ziko kulia kwako, ya pili na ya nne kushoto, na ya nne ndiyo ya nyuma kabisa, imejificha karibu na bodi. Kuingiza mpira wa geji pale ukakaa sawasawa ni kazi ya mtu mwenye vidole virefu na subira. Uzi ukishika nusu, au kiringi cha raba cha geji kikiwa kimechanika, hewa inavuja pembeni na unasoma 88 kwenye silinda yenye 130. Kwa hiyo rudia. Pasha injini moto kwanza, toa betri na bomba la eya klina ili upate nafasi, toa plagi zote nne, chomoa soketi za koili na fyuzi ya pampu ya mafuta. Mtu mmoja akanyage pedali ya mafuta hadi chini, ashikilie. Ukishafunga geji, rudisha betri, nayo iwe na nguvu, ikibidi liunganishe na gari jingine. Piga stata mpaka sindano ya geji iruke mara tano au sita, kisha andika. Fanya hivyo mara mbili kwa kila silinda. Ya nne ikirudi na 88 tena, hapo tunazungumza.

Mdogo wako huenda akakumbuka mbinu ya gereji ya kumimina kijiko cha oili ndani ya silinda na kupima tena. Namba ikipanda, ringi zimekwisha, isipopanda, tatizo ni valvu. Mbinu hiyo ni nzuri kwenye injini iliyosimama. Kwenye hii yako silinda imelala ubavu, oili inatuama upande wa chini na upande wa juu unabaki mkavu, hivyo jibu lake halina maana. Achana nayo.

Kinachofaa hapa ni kupuliza. Ipeleke pistoni ya nne juu ya mwisho ikiwa kwenye mkandamizo, valvu zote zimefunga, kisha ingiza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi. Kompresa ya fundi pancha wa mtaani inatosha, ila tengeneza kiunganishi kutoka kwenye mpira wa geji ya kompresheni baada ya kutoa kile kivalvu chake cha ndani. Toa spana kwenye bolti ya krenki, ile ekseli kuu ya injini, kabla ya kufungua hewa, maana injini inaweza kujizungusha na spana ikakuvunja mkono. Halafu sikiliza. Hewa ikivuma kwenye mdomo wa kujazia oili, inapita pembeni mwa pistoni. Ikivuma kwenye ekzosi, valvu ya moshi haifungi. Ikisikika kwenye njia ya kuingizia hewa, ni valvu ya kuingiza. Na rejeta ikitoa mapovu, gasketi ya silinda hedi imeachia au hedi ina ufa. Hewa kidogo kupita pembeni mwa pistoni ni kawaida, hakuna injini isiyovuja kabisa. Linganisha na silinda ya pili, ambayo ni nzima, utasikia tofauti kwa sikio bila kipimo chochote.

Kazi hiyo ya saa moja ndiyo inayoamua kila kitu. Sauti ikitoka kwenye ekzosi, huhitaji injini. Unahitaji kushughulikia hedi moja ya kushoto. Injini hizi hazina kitu cha kurekebisha nafasi ya valvu chenyewe, na valvu za moshi zikichakaa nafasi huzidi kuwa finyu mpaka siku moja valvu inashindwa kufunga vizuri na kuanza kuungua. Injini iliyonunuliwa kwa ugonjwa huo ni hela iliyotupwa ziwani.

Lakini mimi, kwa jinsi ulivyoeleza, naweka dau langu kwenye pistoni. Nitakwambia kwa nini, na hapo ndipo namgeukia fundi wa kwanza na turbo yake.

Turbo ni feni mbili kwenye ekseli moja. Ya kwanza inazungushwa na moshi unaotoka, ya pili inasukuma hewa kuingia ndani ya injini. Ekseli hiyo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, wakati feni ya dari sebuleni kwako huzunguka mara mia chache tu. Kwa mwendo huo chuma hakiwezi kugusana na chuma, kwa hiyo ekseli inaelea juu ya utando wa oili. Watu wengi wanadhani kuna oili sili ya raba mle ndani inayochakaa kama ya gurudumu. Hakuna, raba ingeyeyuka. Kuna viringi vidogo vya chuma, na kinachozuia hasa oili isivuke ni kwamba oili ikishafanya kazi yake inadondoka yenyewe, kwa uzito wake, kupitia bomba nene la kurudi kwenye sampu, lile beseni la oili chini ya injini.

Sasa fikiria pistoni moja imevunjika ukingo unaoshika ringi. Kila inapowaka, sehemu ya moshi wenye shinikizo inapita pembeni na kushuka kwenye sampu. Sampu inajaa shinikizo. Oili iliyo ndani ya turbo inataka kushuka, inakuta huko chini kumejaa, haishuki. Inajikusanya, inatafuta njia, inavuka viringi na kuingia kwenye bomba la hewa. Ni kama mtaro ulioziba mtaani. Maji yanarudi sebuleni kwako, nawe unailaumu sebule. Na kuna jambo la pili ambalo fundi wako pengine hakulitazama. Mipira ya kupumulia injini kwenye gari hili inaingia kwenye bomba la hewa kabla ya turbo. Oili aliyoikuta upande huo huenda haijatoka kwenye turbo hata tone moja. Imetoka kwenye pumzi ya injini yenyewe.

Turbo unaipima hivi. Injini ikiwa baridi, toa bomba la kuingizia hewa, shika nati iliyo katikati ya feni kwa vidole viwili. Ivute na kuisukuma kama unavyotoa na kurudisha kizibo. Usisikie mchezo wowote unaoonekana. Itikise juu na chini. Hapo mchezo kidogo ni halali, kwa sababu oili haina shinikizo wakati huo, mradi ncha za feni zisiguse ukuta. Izungushe, iende laini. Tazama ncha kwa tochi. Zikiwa zimeliwa kama meno ya panga bovu, vumbi limepita, na sababu yake ni eya klina au klipu ya bomba iliyolegea. Njia zako za kufuata asali ni za vumbi jekundu, kwa hiyo hili usilipuuze.

Kabla ya yote hayo kuna kitu cha bei ya chai na chapati ambacho sijaona ukikitaja, nacho ni valvu ya kupumulia, ile mafundi wanayoiita PCV. Ikiziba, sampu inajaa shinikizo hata kama pistoni zote ni nzima, na dalili zinafanana na zako. Itoe, itikise. Isipolia kachakacha, ni mbovu. Badilisha hiyo kwanza. Kisha washa injini, fungua mfuniko wa oili, uuweke juu ya mdomo bila kuufunga. Ukikaa tu ukitetemeka, pumzi ni ndogo. Ukirukaruka kama mfuniko wa sufuria ya ugali, moshi unapita pembeni ya pistoni kwa wingi.

Kuhusu moshi wenyewe, wa asubuhi peke yake usingenitisha. Injini za Subaru kwa kulala kwake huacha oili kidogo ijikusanye usiku, ikatoka pumzi moja ya bluu gari likiwaka. Unaonitisha ni ule wa kwenye kilima, unaoendelea muda wote ukiwa umekanyaga mafuta. Huo mara nyingi ni wa pistoni. Ungekuwa unatoka baada ya gari kusimama na kunguruma dakika tano kisha ukaondoka, ningeifikiria turbo au sili za valvu. Na ungekuwa mweusi ningekwambia ukague mipira ya turbo na ya intakula, kile kipozea hewa ya turbo. Mpira ukipasuka, hewa iliyokwishapimwa inavujia nje, kompyuta haijui, inamwaga petroli nyingi, na petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda. Kagua hata hivyo, kwa kuwa unalalamika nguvu.

Kwa nini ya nne peke yake? Mafundi wa Subaru wamezoea kuiona hiyo ikitangulia wenzake, na nyingi ninazofungua mimi ukingo wa ringi umekatika kipande, kama sahani iliyogongwa pembeni. Kinachoukata ni mafuta kuwaka vibaya. Turbo hizi za soko la Japani zilitengenezwa zikitarajia petroli ya daraja la juu la kule, yenye oktani kama 100. Pampu za kwetu haziuzi hiyo. Kompyuta inasikia injini ikigonga na kurudisha nyuma muda wa kuwasha, lakini uvumilivu wake una mpaka. Siku moja unanunua petroli ya dumu kijijini, umepakia madumu ya asali mpaka dirishani, jua la Oktoba, unakanyaga mpaka mwisho kwenye mchanga. Pistoni inapigwa nyundo mara elfu kadhaa ndani ya dakika moja. Hutasikia kitu, redio iko juu.

Nina swali nawe ujijibu mwenyewe. Themostati, ile valvu inayoongoza joto la maji ya injini, ipo? Hapa kwetu mafundi wengi wanaitoa eti gari lipoe, na wengine wanatia maji matupu ya bomba badala ya kulanti. Injini isiyofika joto lake inachakaza ringi, na petroli isiyowaka inashuka kwenye oili. Kama ilitolewa, injini mpya utakayofunga nayo itaenda njia hiyohiyo.

Sasa njia zilizo mbele yako, tuseme imethibitika ni pistoni. Kuendelea kuendesha huku ukiongeza oili unaweza, ila kwa kiwango hicho cha kunywa, safari moja ukisahau kupima, oili inashuka chini, beringi za konrodi zinakauka, na injini inanoki. Hapo unapoteza hata krenki ambayo leo ni nzima. Kuna chupa za dawa ya kukata moshi madukani. Zinafanya oili kuwa nzito, moshi unapungua wiki mbili, muuza gari anafurahi. Pistoni iliyovunjika haiungwi kwa chupa.

Njia ya pili ni kufungua injini yako mwenyewe, ubadilishe pistoni, ringi, beringi na gasketi, uikague krenki. Kwa namba zako tatu nzuri, moyo wangu unaelekea huku. Unajua historia ya injini yako, huijui ya mtu mwingine. Shida yake ni kwamba boksa, yaani injini ya pistoni zilizolala kama hii, haifunguki kama injini ya Corolla. Bloku inapasuka vipande viwili katikati ya krenki, pini za pistoni zinatolewa kupitia matundu ya pembeni, na vipimo vya beringi vinahitaji maikromita na mtu anayeijua. Miaka mitatu ya gereji ya mdogo wako naiheshimu, lakini kazi hiyo usimpe chini ya mwembe. Shusha naye injini, kisha ipelekeni kwenye karakana yenye mashine. Kama huna wa kumwamini, waulizeni walimu wa ufundi magari VETA, wanawajua wenye vipimo na wenye maneno.

Njia ya tatu ni injini ya mtumba ya Japani. Ina faida ya haraka, unashusha na kupandisha. Lakini ni sandarusi iliyofungwa. Huenda ndani yake mna ya nne nyingine inayosubiri. Ukiifuata njia hii, usilipe kabla haijapimwa kompresheni mbele ya mtu wako huko Dar, na mtu wako akumbuke kuwa yuko usawa wa bahari. Akisomewa 130 pale Dar asikubali, hiyo ikifika hapa itakuwa kama 113. Atake 145 na kuendelea, na tofauti kati ya silinda iwe ndogo. Atoe mfuniko wa oili achungulie. Weusi unaong'aa ni sawa, tope jeusi la kukauka si sawa. Waranti ya maneno ya dukani haisafiri kilomita zaidi ya 800 kurudi na injini mgongoni, kwa hiyo uchunguzi wote ufanyike kabla haijapakiwa.

Na ilingane. EJ20 ni jina la ukoo, watoto ni wengi. Zipo zenye mfumo wa kubadili muda wa valvu, ule wa AVCS, na zisizo nao. Zipo za turbo mbili kutoka kwenye Legacy. Zipo za throto ya waya na za umeme. Soma namba kamili iliyogongwa kwenye bloku yako, uifuate hiyo. Mbinu inayookoa wengi ni kuhamisha manifoldi yako, waya zako na sensa zako kwenye injini iliyokuja, ili kompyuta isijue kuna mgeni.

Nyumbani inawezekana? Kushusha na kupandisha, ndiyo. Subaru ni katika magari rahisi zaidi kwa kazi hiyo, injini iko mbele, imelala chini, ukitoa rejeta na intakula unaiona yote. Ila si kwenye tawi la mwembe. Miembe ya Tabora ni mizee na kivuli chake hakina mfano, lakini injini ina uzito unaozidi kilo 100 kwa mbali, na tawi halikupi onyo. Tengenezeni miguu mitatu au minne ya bomba la chuma, au lango la nondo nene, na chini ya kila mguu na kila jeki wekeni mbao pana, kwa kuwa mchanga wetu unameza jeki taratibu huku mkiangalia pengine. Mtu asipitishe mkono chini ya injini inayoning'inia. Na sasa maembe yanaanza kudondoka, kwa hiyo tandazeni turubai juu. Nasema kwa utani na si kwa utani.

Chukua simu, piga picha kila soketi na kila mpira kabla ya kuchomoa, bandika tepu na namba. Ondoa shinikizo la petroli kwa kutoa fyuzi ya pampu na kuacha injini ijizime, kisha chomoa betri. Kompresa ya AC na pampu ya usukani zifungue zikae pembeni na mipira yake, msikate gesi. Nati za ekzosi na za turbo zimwagie mafuta ya kulegezea kutu tangu jana yake, zikivunjika ndizo zitakazowakalisha siku mbili.

Kosa linaloua zaidi kazi hizi ni la tokonveta, lile boga la chuma kati ya injini na gia boksi ya otomatiki. Kabla ya kutenganisha, fungua bolti zake nne kupitia kitundu cha juu, ukizungusha krenki moja baada ya moja. Injini ikivutwa mbele, boga libaki kwenye gia boksi. Wakati wa kurudisha, lisukume ndani huku ukilizungusha mpaka lizame kabisa, utasikia likidondoka hatua kwa hatua. Kama bloku na gia boksi haviji pamoja kwa mkono, simama. Usivute kwa bolti. Ukivuta, unaponda pampu ya gia boksi, na sasa una magonjwa mawili.

Injini iliyokuja ikiwa bado chini, ibadilishe taiming belti pamoja na puli zake na tenshena, pampu ya maji, oili sili ya nyuma ya krenki, plagi na themostati ya asili. Belti ikikatika kwenye injini hii valvu zinagonga pistoni, hivyo usifunge ya zamani kwa sababu "inaonekana nzima". Bomba la oili la kwenda kwenye turbo, kwenye baadhi ya injini hizi, lina bolti yenye kichujio chembamba ndani yake. Kikiziba turbo inakufa kwa kiu. Kisafishe au weka kipya. Intakula ioshe kwa petroli na uikaushe kabisa. Kama pistoni yako ilimeguka au turbo ililika, vipande viko mle vinasubiri injini mpya.

Matundu yote ya kuingizia hewa yazibe kwa vitambaa, na uvihesabu. Mwaka fulani nilifungua injini iliyopandishwa uani kwa mtu, inawaka kwa silinda tatu, nikakuta soksi ya mtoto kwenye manifoldi. Ilizibwa vizuri, ikasahauliwa vizuri.

Siku ya kuwasha, jaza oili, chomoa koili na fyuzi ya pampu ya mafuta, piga stata kwa sekunde kumi kumi mpaka taa ya oili izime. Ndipo urudishe na uwashe. Usipige resi. Kulanti ijaze kupitia kile kitangi kidogo kilicho juu ya injini, si kwenye rejeta, hita ikiwa imefunguliwa moto wote, maana boksa inashika hewa na hewa hiyo inaunguza hedi ukiwa unaimba wimbo wa ushindi. Badilisha oili baada ya kilomita 1,000, ukate filta uangalie kama ina chuma kinachong'aa.

Ukisikia mlio mzito wa kugonga kutoka chini injini ikipata moto, au taa ya oili ikipepesa gari likiwa limesimama, zima papo hapo, liburuzwe. Taa ya injini ikimulikamulika, usiendelee na safari. Hayo hayangoji ushauri wa maandishi, yanahitaji fundi aliyesimama mbele ya gari.

Ukibadilisha injini, kadi ya gari ina namba ya ile ya zamani. Nenda TRA na risiti ya manunuzi uombe irekebishwe, na umjulishe mwenye bima. Risiti ya mkononi isiyo na jina la duka itakusumbua hapo, na itakusumbua zaidi siku ya kuuza.

Basi kwa wiki hii usiagize chochote, wala turbo wala injini. Nunua PCV, pima mipira, upime tena ile ya nne injini ikiwa moto, umwite fundi pancha na kompresa yake. Ukiniandikia tena, niambie hewa ilivuma wapi.